Kwao Ukingoni: Watu wa Mashua katika Mifereji ya Uingereza

Ukishuka ngazi kutoka tezini na kuinama kidogo, unaingia katika chumba chenye urefu wa futi 10 hivi na upana usiofika futi 7. Mkono wa kushoto, pale pale mlangoni, kuna jiko la chuma la makaa ya mawe, na bomba lake limetoboa dari. Kando ya jiko kuna kabati ambalo mlango wake huangushwa ukawa meza ya kulia. Mkono wa kulia kuna benchi refu: mchana hukaliwa, usiku hulaliwa na watoto. Mwisho wa chumba kuna kabati kubwa zaidi, na mlango wake nao huangushwa, ukalala kutoka ubavu hadi ubavu wa chombo. Hicho ndicho kitanda cha mume na mke. Asubuhi kitanda kinakunjwa, kinarudi kabatini, na mahali pale panakuwa pa kupita. Hakuna bomba la maji. Choo ni ndoo. Mtu mrefu hasimami wima. Hii ndiyo iliyokuwa nyumba nzima ya familia nyingi za wachukuzi wa mizigo katika mifereji ya Uingereza, tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1960, na humo watu walizaliwa, wakaugua, wakazeeka na wengine wakafa, huku tani 25 za makaa ya mawe zikiwa nyuma ya ukuta wa mbao.

Leo kuishi mashuani kunaleta picha ya uhuru: maji yametulia, bata wanapita dirishani, na mwenye nyumba akichoka na majirani hufungua kamba akaenda zake. Picha hiyo naiona imepotosha historia, na inampotosha hata mtu wa leo anayefikiria kuhamia majini. Ninachodai ni kwamba katika kila jambo la maana la maisha ya mashuani, kuanzia upana wa chumba na maji ya kunywa hadi shule ya mtoto na mahali pa kulaza chombo, neno la mwisho lilitoka nchi kavu, na walioumia waliumizwa na kukosa pa kwao ukingoni kuliko walivyoumizwa na maji. Pwani yetu ina methali isemayo kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia wa jahazi aliielewa vizuri, kwa sababu alikuwa na pa kurejea: mkewe na wanawe walibaki Lamu, Unguja au Suri ya Omani, na pepo zikigeuka alirudi nyumbani. Mtu wa mfereji wa Kiingereza alikwenda tezi na omo na familia yake yote ikiwa ndani ya chombo, na nyuma yake hapakuwa na nyumba yoyote iliyomngoja.

Tuanze na upana, kwani ndio uliozaa mengine yote. Mwaka 1761 Duke wa Bridgewater, kabaila aliyemiliki machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley, alifungua mfereji wa kupeleka makaa yake Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa nusu hivi. Hesabu ilikuwa rahisi. Farasi mmoja akivuta mkokoteni barabarani alimudu tani 2 hivi. Farasi huyo huyo akivuta mashua kwa kamba, akitembea kwenye njia ya kando ya maji, alimudu tani 25 na zaidi. Fundi aliyeujenga, James Brindley, akapewa kazi kubwa zaidi mwaka 1766: mfereji wa kuunganisha mito Trent na Mersey, ukivuka vilima kwa malango ya maji na mahandaki. Lango la maji ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, maji hujazwa au hutolewa, nayo hupanda au kushuka kama mtu anayepanda ngazi. Kila mashua ikipita, maji ya chumba kizima huteremka bondeni, na juu ya vilima maji hayapatikani kwa wingi. Pia handaki la Harecastle lilitakiwa kutobolewa kwa umbali wa kilomita 2.6, kwa sururu na baruti. Basi Brindley akachagua wembamba: malango yenye upana wa futi 7 na urefu wa futi 72 hivi. Mfereji ulikamilika mwaka 1777, miaka mitano baada ya yeye kufa, na mifereji mingi ya katikati ya nchi ikafuata kipimo chake. Hakuna hata siku moja ambapo mtu alikaa akauliza familia inahitaji chumba cha upana gani. Kipimo kilitokana na maji ya mlimani na gharama ya kutoboa mwamba, na baadaye watu wakaja kuishi ndani ya hesabu hiyo.

Urefu wa chumba nao uliamuliwa na mzigo. Mashua ilikuwa na futi 70, yaani mita 21, lakini mwenye mali alilipwa kwa tani, na kila futi iliyopewa kitanda ilikuwa futi iliyonyimwa makaa ya mawe, udongo wa vyungu au ngano. Kwa hiyo futi 10 za tezini zilikuwa za watu na karibu zote zilizobaki zilikuwa za mzigo. Mwanzoni jambo hilo halikuwa na ukatili mkubwa, kwa sababu wafanyakazi wengi wa mifereji ya awali walikuwa wanaume wenye nyumba vijijini na mijini kandokando ya maji. Walilala mashuani safarini kama dereva wa lori anavyolala nyuma ya kiti chake, kisha wakarudi kwao. Chumba kile kilikuwa cha kulala safarini, na kilipogeuka kuwa makazi ya familia hakikuongezwa hata futi moja.

Kilichokigeuza ni reli. Mwaka 1830 ilifunguliwa njia ya reli kati ya Liverpool na Manchester, na katika miaka ya 1840 reli zikatapakaa nchi nzima. Kampuni za mifereji zilipunguza ushuru ili zisipoteze mizigo, malipo ya uchukuzi yakashuka, na mshuko huo ukateremka hadi mfukoni mwa nahodha wa mashua. Huyu hakuwa na mshahara wa mwezi. Alilipwa kwa safari. Mashua ikisubiri mzigo gatini kwa wiki nzima, au mfereji ukiganda kwa barafu, hakupata kitu. Kati ya malipo hayo alitakiwa kumlipa msaidizi na mara nyingi kumlisha farasi, na huku nchi kavu kodi ya nyumba ikiendelea kuhesabiwa. Suluhisho likawa kuiacha nyumba, kumleta mke mashuani ashike kana ya usukani, na kumpa mtoto kazi ya kumwongoza farasi. Kwa hatua moja alifuta kodi na mshahara wa msaidizi. Nahodha alikuwa amepunguza gharama, na mfanyabiashara mwenye shehena akapata wafanyakazi watatu au wanne kwa malipo ya mmoja.

Hapa upo ubishi wa haki. Familia zilikuwamo mashuani hata kabla ya reli. Kumbukumbu za mwanzoni mwa karne ya 19 zinaonyesha wake na watoto wakisafiri na waume zao, na wapo wanaosema watu walipenda tu kuwa pamoja. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Mume anayekuwa safarini wiki tatu kati ya nne ana sababu ya kutosha ya kutaka mkewe awe karibu, na wapo wanawake waliozaliwa mashuani wasiotaka maisha mengine. Lakini upendo wa familia hauelezi kwa nini nyumba ya nchi kavu iliachwa kabisa. Mtu anaweza kumchukua mkewe safarini akaendelea kuwa na mlango wake kijijini. Kilichobadilika katikati ya karne ile ni kwamba mlango ulifungwa na ufunguo ukarudishwa kwa mwenye nyumba, na wakati wa kufanya hivyo unalingana mno na kushuka kwa malipo kiasi kwamba siwezi kuuita mapenzi peke yake.

Ili kuyaelewa maisha yenyewe, tazama birika la maji lililokaa juu ya paa la chumba, karibu na bomba la moshi. Lilikuwa la bati, lenye mkono na mdomo mrefu, limepakwa maua mekundu na manjano juu ya rangi ya kijani au nyeusi. Kwa kawaida lilibeba galoni 3, yaani lita 13 au 14, pungufu ya ndoo yetu ya lita 20. Mashua nyingi zilikuwa na mabirika mawili. Humo ndimo mlikuwa na maji yote safi ya familia: ya kunywa, ya chai, ya kupikia, ya kumnawisha mtoto. Hayakutoka mferejini, ambamo viwanda vilimwaga taka na mashua zenyewe zilimwaga ndoo za choo. Yalichotwa kwenye bomba au kisima cha ukingoni, karibu na malango ya maji au gatini, pale ambapo mwenye mahali aliruhusu. Kwa hiyo safari ilipangwa kwa mabomba pamoja na maili. Mama aliyejua kazi yake alijua bomba lijalo liko malango mangapi mbele, duka lipi huwauzia watu wa mashua na ukuta upi una mwenye mbwa. Maji ya kufulia yaliweza kuchotwa mferejini sehemu za mashambani yalipokuwa masafi kidogo. Nguo zikaanikwa juu ya shehena, na kama shehena ilikuwa makaa ya mawe, vumbi lilirudi kwenye shuka kabla hazijakauka. Jiko halikuzimwa mchana wala usiku miezi ya baridi. Lilikuwa jiko la kupikia, la kukaushia nguo na la kuota moto, katika chumba ambacho mvuke wa pumzi za watu wanne hugeuka matone kwenye kuta. Chakula kilichemka polepole jikoni wakati mama yuko nje ameshika kana, nusu ya mwili wake ikiwa mlangoni ili joto la jiko lipashe miguu.

Kazi nayo haikuwa na saa. Penye handaki lisilo na njia ya farasi, kama lile la Harecastle, mnyama alipelekwa juu ya kilima na mtoto, na wanaume wakalala chali juu ya mbao, wakatembeza miguu yao kwenye kuta za handaki ili kuisukuma mashua gizani. Baada ya injini za mafuta kuanza kutumika katika miaka ya 1910, familia nyingi ziliendesha mashua mbili, moja yenye injini na nyingine ikivutwa nyuma. Hapo vyumba vikawa viwili, na ilikuwa nafuu kubwa ya makazi. Lakini shabaha yake ilikuwa kuongeza tani, na mzigo ulikaribia tani 50 kwa wafanyakazi wale wale.

Serikali ilizinduka kwa sababu ya mtu mmoja, George Smith wa Coalville, meneja wa kiwanda cha matofali ambaye tayari alikuwa amepigania watoto wa viwanda hivyo. Mwaka 1875 alitoa kitabu kuhusu watu wa mifereji, akisema kuna karibu watu 100,000 wanaoishi mashuani katika uchafu, ujinga na ulevi. Bunge likapitisha sheria mwaka 1877, ikaongezewa nguvu mwaka 1884. Kila mashua inayokaliwa ilitakiwa kuandikishwa na mamlaka ya mji fulani, kukaguliwa, na kupewa cheti cha idadi ya watu wanaoruhusiwa. Kanuni zilimpimia mtu mzima futi 60 za ujazo wa hewa, na mtoto wa chini ya miaka 12 futi 40. Ukiondoa makabati na jiko, chumba chenye nafasi ya futi 200 kiliwatosha kisheria mume, mke na watoto wawili. Mtoto wa tatu akizaliwa, familia ilikuwa imevunja sheria siku ile ile. Kanuni zilikataza pia mvulana wa zaidi ya miaka 14 na msichana wa zaidi ya miaka 12 kulala katika chumba kimoja na wazazi wao. Ilikuwa kanuni ya heshima, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri ataiona ina maana. Ila familia ingewapeleka wapi vijana hao? Sheria ilihesabu futi za ujazo kwa makini, lakini haikumpa yeyote chumba nchi kavu wala haikugusa malipo yaliyowaleta watu mashuani. Kijana alipelekwa kwa shangazi mwenye mashua yenye nafasi, au alijificha mkaguzi alipoonekana.

Smith alishambuliwa, na kwa sehemu alistahili. Hesabu yake ya watu 100,000 ilikuwa kubwa kupita ukweli, kama uandikishaji wenyewe ulivyoonyesha baadaye, na wakaguzi walikuta vyumba vingi vikiwa visafi, shaba ikimeremeta na watoto wana afya kuliko wenzao wa vichochoro vya Birmingham na Manchester. Wapo wanaotumia ukweli huo kusema hapakuwa na tatizo: bora chumba kidogo chenye hewa ya mashambani kuliko chumba cha chini ya ardhi chenye mfereji wa maji machafu mlangoni. Mimi naona ukweli huo unaipa nguvu hoja yangu. Kama chumba chenyewe hakikuwa kibaya kuliko vyumba vya maskini wa mjini, basi kilichowatofautisha watu wa mashua na maskini wengine hakikuwa futi za ujazo. Maskini wa mjini alikuwa na mtaa. Mwenye duka alimjua na kumkopesha, mwalimu alijua mtoto wake hakuja leo, mkunga alijua ni nyumba ya ngapi. Mtu wa mashua alikuwa mgeni kila alipofunga kamba, hata pale alipopita mara 20 kwa mwaka.

Shule ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote. Kwa mujibu wa sheria ya 1877, mtoto wa mashua alihesabiwa kuwa mkazi wa mji ambao mashua yake iliandikishwa. Ilikuwa njia ya busara ya kumpa kwao, lakini kwao hapo palikuwa pa karatasi. Mashua iliyoandikishwa mji mmoja ilishusha mzigo mwingine na kupakia wa tatu, na mtoto aliingia darasa geni kwa nusu siku, akakaa nyuma kwa viatu vyake vya matope, akafundishwa herufi zile zile alizofundishwa wiki mbili zilizopita katika shule nyingine. Wengi walikua bila kusoma. Walijua kila daraja na kila lango kwa umbo, wakahesabu fedha kichwani bila kukosea, lakini karatasi ya mizigo iliyobeba riziki yao walisomewa na karani. Mwaka 1921 kamati ya serikali iliyoongozwa na Neville Chamberlain, aliyekuja kuwa waziri mkuu, ilipendekeza watoto wa umri wa shule wazuiwe kuishi mashuani wakati wa masomo. Pendekezo halikuwa sheria, kwa sababu wazazi waliliona ni kunyang'anywa wana, na wenye kampuni waliliona ni kunyang'anywa wafanyakazi. Mwaka 1930, huko West Drayton magharibi ya London, tishari moja liitwalo Elsdale lilifanywa shule na kufungwa mahali ambapo mashua zilisubiri mizigo. Kwa mara moja shule ilikwenda kwa watu badala ya watu kuambiwa waende shule. Hata hivyo nayo haikudumu majini. Baadaye tishari lilipandishwa nchi kavu.

Kuna ubishi mwingine ambao siwezi kuupita haraka, kwa sababu unatoka kwa wanaowapenda watu hawa. Wanasema: mbona unawaona wahanga tu? Tazama milango ya vyumba vyao, imechorwa waridi na majumba ya kifalme kando ya maziwa. Tazama sahani zenye kingo kama darizi zilizotundikwa ukutani, mapambo ya shaba, birika kubwa za chai za kahawia zilizonunuliwa Measham na kuandikwa jina la mwenyewe. Maandishi ya miaka ya 1850 tayari yanazitaja rangi hizo. Hawa walikuwa watu wenye ustaarabu wao, lahaja yao, mavazi yao, ndoa zao wenyewe kwa wenyewe, na fahari iliyofanya mama apige deki paa la mashua kabla ya kuingia mjini. Yote hayo ni kweli, na ni makosa kuwahurumia watu kana kwamba hawakuwa na akili wala mikono. Ila angalia mapambo hayo yako wapi. Hayakujengwa juu ya kipande cha ardhi, kwa sababu hawakuwa na kipande. Yalipakwa juu ya mlango wa kabati, ubavu wa ndoo, kiti cha mtoto, kana ya usukani. Mashua nyingi hata hazikuwa zao bali za kampuni, na familia ikihamishiwa chombo kingine ilibeba sahani zake na kuanza upya. Watu waliokosa ukuta wa kudumu waligeuza kila ubao uliokuwa mbele yao kuwa ukuta. Nauheshimu ustaarabu huo kwa sababu najua ulistawi mahali pembamba kiasi gani.

Na palipokuwa na mtu wa ukingoni aliyewafungulia mlango, maisha yalibadilika mara moja. Katika kijiji cha Stoke Bruerne, kando ya mfereji wa Grand Union, muuguzi aitwaye Mary Ward aliwatibu watu wa mashua nyumbani kwake karibu na lango la maji kwa miaka mingi, na mwaka 1951 alipewa nishani ya serikali. Mashua zilipanga safari zake ili zimfikie. Mama mjamzito alijua atamkuta, mwenye jeraha la winchi alijua mlango haufungwi. Hakuwajengea vyumba vikubwa zaidi. Aliwapa mahali ambapo jina lao linajulikana, na hicho ndicho walichokikosa.

Mwisho wao ulikuja haraka. Mwaka 1948 mifereji mingi ilitaifishwa. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 yaliigandisha mifereji tangu Krismasi hadi mwezi wa tatu. Mashua zilinaswa na shehena zake, wateja wakahamia malori na hawakurudi. Bodi mpya ya serikali iliyoanza kazi mwanzoni mwa 1963 iliacha karibu shughuli yote ya uchukuzi kwa mashua nyembamba, na mwaka 1970 ukakoma ule msafara wa mwisho wa kawaida wa masafa marefu, wa kupeleka makaa ya mawe kwenye kiwanda cha jemu magharibi ya London. Familia zilipewa nyumba za halmashauri. Baadhi ya wazee walilalamika kwamba vyumba vilikuwa vikubwa mno kupata joto.

Wakati huo huo watu wa aina nyingine walikuwa wanaingia. Mwaka 1939 mhandisi L. T. C. Rolt na mkewe waliondoka Banbury na mashua iitwayo Cressy, ambayo sehemu ya mzigo ilikuwa imegeuzwa vyumba, hata bafu la kuogea likiwemo. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1944, na mwaka 1946 yeye na wenzake waliunda chama cha kutetea mifereji, ambacho kilichangia sana kuiokoa isifukiwe. Kwa hilo anastahili shukrani. Lakini kutoka hapo ndipo picha ya uhuru ilipoenea, kwa kuwa Rolt aliandika akiwa mtu wa nchi kavu aliyechagua maji, mwenye kalamu na pa kurudi. Futi 60 zilizokuwa za makaa ya mawe sasa zilikuwa sebule. Huyo hakuwa mkazi yule yule wa zamani katika chombo kile kile.

Hata mkazi wa leo, ambaye mashua yote ni yake na ambaye ana jenereta, tangi la maji na simu, bado anaongozwa na ukingo. Chombo chake kina upana wa futi 6 na inchi 10 kwa sababu ya Brindley, na akitaka kupita karibu mifereji yote hununua chenye futi 57, kwa kuwa malango ya Yorkshire ni mafupi. Tangi hujazwa kwenye bomba la ukingoni. Choo hubebwa kwa mkono au hufyonzwa kwenye kituo cha ukingoni. Mwili wa chuma hupandishwa nchi kavu kila baada ya miaka michache upakwe lami usiliwe na kutu. Cheti cha usalama wa gesi, umeme na jiko hudumu miaka 4. Juu ya yote kuna sheria ya mwaka 1995: mwenye mashua ama awe na mahali pake pa kudumu pa kufungia, ama asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya msingi. London, ambako kodi za nyumba zimewasukuma wengi majini, kupata mahali pa kudumu ni vigumu na ghali. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa shule anahama kila wiki mbili, akihesabu vituo vya basi hadi shuleni. Utasema kwamba huyu amechagua, hakulazimishwa na malipo ya safari kama nahodha wa 1850. Wapo waliochagua kweli, na wanafurahi. Lakini aliyekimbia kodi asiyoimudu amechagua kwa namna ile ile nahodha yule alivyochagua, na tangu Aprili 2024 mwenye mashua isiyo na mahali pa kudumu hulipa nyongeza juu ya ada ya leseni yake.

Ukienda Stoke Bruerne au Braunston utaziona mashua za kale zilizotengenezwa upya, rangi mbichi, shaba inang'aa. Ubavuni mwa chumba, chini ya jina la mwenye kampuni, bado limeandikwa kwa herufi safi jina la mji ambako mashua iliandikishwa, pamoja na namba yake, kama sheria ya 1877 ilivyoagiza. Wengi wa watu waliolala nyuma ya maandishi hayo hawakuwahi kuwa na chumba katika mji huo.